Mtihani wa Kuingia Chuo cha Harvard Zamani za Ukoloni

Muhula uliopita, tulipokuwa tukipanga vitabu maktabani, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. "Mwalimu," alisema, "hao watu wa zamani, kabla ya mitihani hii ya taifa kuwako, waliingiaje chuo kikuu? Nani aliwatungia maswali?" Nilimwambia anipe muda nitafute. Haya ndiyo niliyoyapata, na kwa kuwa naona yaweza kuwafaa wengine pia, wanafunzi, waalimu hata wazazi, nimemwomba mhariri anipe nafasi kidogo.

Nimechagua chuo kimoja tu, maana ukitaka kueleza vyote hutaeleza hata kimoja. Chuo hicho ni Harvard, kilicho kikongwe kuliko vyote katika Marekani. Kilianzishwa wakati Marekani yenyewe haijawa nchi, bali ni makoloni ya Waingereza yaliyotawanyika kandokando ya bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1636 baraza la koloni la Massachusetts lilikubali kutoa pauni 400 ili ijengwe shule au chuo. Watu wengi wa koloni hilo hawakuwa wametimiza hata miaka kumi tangu washuke melini. Walikuwa bado wanakata miti na kujenga nyumba, na tayari walikuwa wanafikiria chuo. Miaka miwili baadaye mchungaji kijana aitwaye John Harvard alifariki, akakiachia chuo nusu ya mali yake pamoja na vitabu vyake karibu 400, na chuo kikapewa jina lake. Mji uliokuwa ukiitwa Newtown ukabadilishwa jina ukawa Cambridge, kwa kuwa wakubwa wengi wa koloni walikuwa wamesoma Cambridge ya Uingereza. Mwalimu wa kwanza wa chuo hakukaa sana. Alifukuzwa mwaka 1639 kwa kuwapiga watu kupita kiasi, na mkewe akalaumiwa kwa kuwapa wanafunzi chakula kibaya. (Wanafunzi wa bweni watacheka hapa, lakini wasizidishe.) Mwaka 1640 alikuja Henry Dunster, naye ndiye aliyekitengeneza chuo hata kikawa chuo kweli. Mwaka 1642 wanafunzi tisa wa kwanza wakapata shahada zao.

Basi, katika wakati wa Dunster yaliandikwa masharti ya kuingia, nayo yakachapwa katika kijitabu huko London mwaka 1643. Masharti yenyewe ni mafupi mno, yaweza kuandikwa nyuma ya bahasha. Kwanza, mtoto aweze kumsoma Cicero, au mwandishi mwingine wa Kilatini wa namna hiyo, na kumfahamu papo kwa papo, bila kutayarishwa. Pili, aweze kutunga na kusema Kilatini sahihi, kwa maneno ya kawaida na kwa shairi, naye afanye hivyo kwa nguvu zake mwenyewe. Tatu, ajue kunyambua bila kosa majina na vitenzi vya Kiyunani. Aliyeyaweza hayo alikuwa na haki ya kuomba nafasi. Asiyeyaweza asisumbue watu.

Tazameni yale yasiyokuwamo. Hesabu hamna. Jiografia hamna, historia hamna, wala elimu ya viumbe. Hata Kiingereza hamna, lugha waliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama zao! Mtoto aliweza kuwa hajui kugawanya 84 kwa 7, na bado akapokewa chuoni kwa heshima, maadamu Kilatini chake kilikuwa safi.

Huenda msomaji akadhani kuwa mtihani wa lugha moja na nusu ni mwepesi. Hebu tuutazame kwa karibu. Katika Kiswahili tukisema "mwalimu amwona mtoto", twajua nani amwona nani kwa sababu ya mpangilio wa maneno. Tukigeuza, "mtoto amwona mwalimu", maana nayo yageuka. Kilatini hakiendi hivyo. Mwalimu ni *magister*, mtoto wa kiume ni *puer*. Lakini anayeonwa hubadilishwa mwisho wa jina lake. Ukisema *magister puerum videt*, mwalimu ndiye aonaye. Ukisema *puerum magister videt*, maneno yamehama, lakini bado mwalimu ndiye aonaye, kwa sababu ile *-um* imemganda mtoto popote aendapo. Nasi katika lugha yetu tunayo mageuzi mengi, illa yetu mengi yako mbele ya neno, yao yako nyuma. Sasa mchukue Cicero, ambaye alipenda sentensi ndefu kama mkia wa kishada, kitenzi chake akakificha mwisho kabisa. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano asimame, afunguliwe kitabu mahali asipopajua, asome kwa sauti, afasiri, kisha aeleze kila neno limekaaje na kwa nini.

Na mashairi je? Hapa msomaji wa Kiswahili atafahamu upesi kuliko wengine, kwa kuwa amelelewa katika vina na mizani. Shairi la Kilatini cha kale halikuhitaji vina. Mizani yake nayo haikuwa ya kuhesabu silabi tu, bali kupima urefu wa kila silabi, ndefu na fupi, zikapangwa kwa utaratibu maalumu. Atungaye lazima ajue kila neno silabi zake zipi ni ndefu, naye alijifunza hayo kitabuni, kwa maana hapakuwa tena na watu waliozaliwa wakisema lugha hiyo. Ni kama mtu afundishwe kutunga utenzi katika lugha ambayo hajapata kusikia mama akimwimbia mtoto.

Sababu ya yote haya haikuwa kiburi tu, ingawa nadhani kiburi kilikuwamo. Vitabu vingi vya elimu ya juu katika Ulaya wakati ule viliandikwa kwa Kilatini. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na waanzilishi wa chuo walitaka wachungaji wanaoweza kulisoma wenyewe. Tena sheria za chuo ziliwakataza wanafunzi kutumia lugha ya mama, isipokuwa katika mazoezi ya kuhutubia walipoamriwa kutumia Kiingereza. Kwa hiyo asiyejua Kilatini angekaa darasani kama kiziwi. Mtihani ulipima kama mtoto ataweza kusikia.

Lakini Kilatini hicho atakipata wapi? Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote niliyotaka kusema. Hakuna mtoto aliyekiokota njiani. Alihitaji shule, na shule ya namna moja tu, iliyoitwa shule ya sarufi. Boston walikuwa nayo tangu mwaka 1635, yaani kabla ya chuo chenyewe. Mwaka 1647 koloni lilitoa sheria kwamba kila mji wenye jamaa 50 uweke mwalimu wa kusoma na kuandika, na kila mji wenye jamaa 100 uweke shule ya sarufi iwezayo kuwatayarisha vijana kwa chuo. Mji usiotii ulitozwa faini ya pauni 5 kwa mwaka. Iko miji iliyoona afadhali kulipa faini kuliko kumlipa mwalimu.

Katika shule hizo mtoto aliingia akiwa na miaka saba au minane, akakaa miaka kama saba. Alikariri sarufi kwanza, mwezi baada ya mwezi, hata kabla ya kuelewa ni ya kazi gani. Mwalimu aliyesifika kuliko wote alikuwa Ezekiel Cheever. Alifundisha katika miji mbalimbali kwa muda wa miaka karibu 70, na kuanzia mwaka 1670 alikuwa katika shule ya Boston, hata mauti yalipomchukua mwaka 1708, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 90 na bado yumo kazini. Kitabu chake kidogo cha sarufi ya Kilatini kiliendelea kutumika zaidi ya miaka mia moja. Waalimu wenzangu watanielewa nikisema kwamba mtihani wa Harvard ndio uliomtungia Cheever ratiba yake. Chuo kilitaka Kilatini, shule ikafundisha Kilatini, wala hakuna aliyepoteza saa nyingi kwa jambo ambalo halitaulizwa. Ugonjwa huo haujapata dawa mpaka leo.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mdomo, pamoja na kuandika kidogo. Hakukuwa na karatasi zilizofungwa kwa lakiri wala namba ya mtahiniwa. Mkuu wa chuo na waalimu wake walikaa, mtoto akasimama mbele yao. Tunayo habari ya mtihani mmoja wa namna hiyo, iliyoandikwa na mtahiniwa mwenyewe katika uzee wake. Yeye ni John Adams, ambaye baadaye alikuwa Rais wa pili wa Marekani, toka mwaka 1797 hadi 1801. Mwaka 1751 alikuwa kijana wa miaka 15, mtoto wa mkulima katika mji wa Braintree. Zamani hakupenda shule hata kidogo, alitaka kulima kama baba yake. Kisha akapata mwalimu mwingine, jina lake Marsh, akampenda, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi mwalimu akasema yu tayari.

Siku ya safari ilipofika, mbingu zilikuwa zimetanda mawingu, na Marsh akasema hajisikii vizuri, hatakwenda. Kijana aende peke yake. Adams aliingiwa na hofu, akafikiri kurudi nyumbani. Lakini alipomkumbuka baba yake, jinsi atakavyohuzunika, akapanda farasi akaenda. Huko Cambridge aliwekwa mbele ya Mkuu wa chuo, Edward Holyoke, na waalimu wake. Mmoja wao, Joseph Mayhew, akampa kipande cha Kiingereza akigeuze kiwe Kilatini. Adams akakitupia macho, akaona mara moja kuwa yamo maneno ambayo Kilatini chake hakimjii. Akajua kwamba ameshindwa.

Mayhew akamwambia amfuate chumbani kwake. Humo akamwonyesha kamusi, akamwonyesha kitabu cha sarufi, karatasi, kalamu na wino, akamwambia achukue muda wake. Adams akapumua. Akakaa, akakiandika kile kipande, kikatazamwa, akaambiwa amepokewa. Alirudi Braintree na moyo mwepesi.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kichwani mwangu. Wengine watasema Mayhew alimpendelea. Mimi sioni hivyo. Aliona mtoto ameganda kwa hofu, akataka kujua kama ujinga umo ndani au ni hofu tu, na njia aliyoitumia ni ya haki, kwa sababu kamusi haimsaidii asiyejua sarufi. Lakini ni kweli pia kwamba mambo yote hayo yalikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Siku hiyo angekutana na mwalimu mwenye haraka, au aliyelala vibaya, Adams angerudi kulima. Karatasi zetu za siku hizi hazina huruma ya Mayhew, nazo hazina usingizi mbaya.

Aliyefaulu alipewa kazi nyingine ndogo: kuzinakili sheria zote za chuo kwa mkono wake. Mkuu wa chuo na mwalimu walitia sahihi katika nakala hiyo, nayo ndiyo ikawa hati yake ya kuingia. Karo ilikuwako, lakini fedha taslimu zilikuwa adimu katika koloni, hivyo katika miaka ya mwanzo wazazi walileta walichonacho: ngano, mahindi, siagi, hata kondoo na ng'ombe. Wazazi wetu waliokwisha kuuza mbuzi Januari watamwelewa mzazi huyo, ila yeye alimpeleka mnyama moja kwa moja chuoni.

Liko jambo jingine litakalowashangaza vijana. Mkishafaulu, ninyi mngetazamia majina yapangwe kwa alama. Harvard kwa muda mrefu hawakufanya hivyo, wala hawakupanga kwa alfabeti. Majina ya darasa yalipangwa kwa kufuata heshima ya jamaa alikotoka mwanafunzi. Mtoto wa gavana juu, mtoto wa mkulima chini, na kwa utaratibu huo walikaa na walitembea katika maandamano. Adams aliwekwa nafasi ya 14. Desturi hiyo iliachwa kati ya mwisho wa miaka ya 1760 na mwanzo wa ile ya 1770.

Sasa niwaeleze habari za vijana wawili ambao, kwa maoni yangu, mtihani huu uliwagharimu zaidi kuliko Adams. Hati ya chuo ya mwaka 1650 ilisema kwamba chuo ni cha kuwaelimisha vijana wa Kiingereza na vijana wa wenyeji wa nchi ile. Kwa fedha zilizochangwa Uingereza likajengwa jengo la matofali kwa ajili ya wenyeji, katika miaka ya 1650. Mlango ukawa wazi, kwa maneno ya hati. Lakini hakuna aliyepunguza sharti hata moja. Mwenyeji naye amsome Cicero papo kwa papo.

Caleb Cheeshahteaumuck na Joel Iacoomes walikuwa wa kabila la Wampanoag, kutoka kisiwa kiitwacho Martha's Vineyard. Kwao walisema lugha yao. Kisha wakajifunza Kiingereza, nacho kikawa njia ya kujifunzia Kilatini, na Kilatini kikawa njia ya kujifunzia Kiyunani. Mtoto wa Kiingereza aliruka mto mmoja, hawa waliruka miwili kabla ya kufika ukingo aliosimama mwenzao. Sisi ambao tuliianza shule kwa lugha ya nyumbani, tukasoma kwa Kiswahili, kisha tukaingia sekondari tukakuta vitabu vyote ni vya Kiingereza, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Walipelekwa shule ya sarufi, kwanza mji wa Roxbury, halafu Cambridge kwa mwalimu Elijah Corlet. Katika sherehe ya mahafali ya chuo mwaka 1659, wakiwa bado watoto wa shule, waliitwa mbele ya wakubwa wa koloni na watu wote, wakajaribiwa Kilatini hadharani. Mkuu wa chuo wa wakati huo, Charles Chauncy, aliwaulizia yeye mwenyewe, na wakubwa wakaridhika. Fikirini mtihani wa namna hiyo! Adams alitetemeka mbele ya watu wachache chumbani; hawa walisimama mbele ya koloni zima, na huenda wengi waliokuwapo walikuja kuona kama yawezekana.

Waliingia chuoni mwaka 1661. Iko barua ya Kilatini ya mwaka 1663, yenye jina la Caleb, kwa wafadhili wa Uingereza, nayo imehifadhiwa London mpaka leo. Mwaka 1665 wote wawili walikuwa wamemaliza masomo. Joel alikwenda kwao kuwaona jamaa zake kabla ya mahafali. Katika kurudi, chombo kilivunjika kwenye kisiwa cha Nantucket, naye hakufika. Caleb alisimama peke yake akapokea shahada. Mwaka uliofuata alikufa kwa kifua kikuu. Katika zama zote za ukoloni hakuna mwenyeji mwingine aliyepata shahada ya Harvard. Lile jengo la matofali halikupata kujaa wenyeji. Lilitumiwa na wanafunzi wa Kiingereza na mtambo wa kupiga chapa, na mwaka 1698 likabomolewa ili matofali yake yatumike penginepo. Joel alipewa shahada yake mwaka 2011, miaka 346 baada ya kufa.

Masharti ya Harvard yalidumu kwa karne nzima na zaidi bila kubadilika sana. Virgil akatajwa pamoja na Cicero, na ilipofika mwaka 1734 asiyeweza kutunga shairi aliruhusiwa kujua kanuni zake tu. Aliyethubutu kuongeza kitu kipya alikuwa jirani na mshindani wao, Chuo cha Yale katika koloni la Connecticut, kilichoanzishwa mwaka 1701. Sheria zake za mwaka 1745 zilidai, pamoja na Kilatini na Kiyunani, hesabu za kawaida, na pia ushahidi wa tabia njema. Harvard hawakuiga sharti hilo la hesabu mpaka mwanzo wa karne ya 19.

Yale nao walikuwa na mambo yao ya ajabu. Mwaka 1757 mtoto mmoja, John Trumbull, alifaulu mtihani wao akiwa na miaka saba! Wazazi wake walikuwa na busara, wakamrudisha nyumbani akakua, akaingia mwaka 1763.

Habari ya mwisho ni ya mwaka 1783, wakati makoloni yalipokwisha kujitenga na Uingereza, lakini mtihani ulikuwa ule ule. Mkuu wa Yale, Ezra Stiles, aliletewa mtoto wa miaka 12 ili amjaribu. Alimpa Virgil, akasoma. Akampa Cicero, akasoma. Akampa Agano Jipya la Kiyunani, akalisoma na kulifasiri. Stiles akakata shauri kwamba mtoto huyu ametimiza masharti yote ya kuingia Yale. Jina lake lilikuwa Lucinda Foote. Katika orodha ya masharti, ya Harvard na ya Yale, jambo la mvulana na msichana halikutajwa wazi, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuwa yafaa kutajwa. Stiles alimwandikia hati kwa Kilatini, akashuhudia kwamba hakuna kinachomzuia kupokewa chuoni isipokuwa kwamba yeye ni mwanamke.

Lucinda aliichukua hati yake akarudi nayo nyumbani. Yale kilianza kuwapokea wasichana katika masomo ya shahada ya kwanza ya chuo mwaka 1969.